Kwini, Mbwa wa Ndege Aliyefundishwa Nusu

Kila wiki napata ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana mmoja wenu, na karibu wote wanaanza vilevile: "Dada Nabintu, mimi ni mlinzi, nashika mbwa getini hapa Malvern, Johannesburg. Nimechoka na mbwa wa kung'ata. Nataka kuingia kwenye mbwa wa ndege kama wewe. Nilee mtoto, ama ninunue aliyeanza kufundishwa?" Najibu kwa urefu. Nasikiliza jibu langu kabla ya kulituma, nalifuta, narekodi upya, kwa sababu mimi ni mtu nisiyeridhika na kazi yangu hata ikiwa ni kusema habari za asubuhi. Kisha mnanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu! Wiki inayofuata nasikia mmeshanunua mbwa "tayari" kwa mtu mliyemwona kwenye simu.

Basi leo naandika. Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Asiyetaka kusoma maneno ya mtu mwenye hasira aweke hapa kidole chake gumba, aende.

Kwanza, msiniite mama, wala msiniite mzee. Nimestaafu nikiwa na umri ambao wenzangu ndio kwanza wanapandishwa cheo. Goti langu la kushoto liliingia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, katikati ya shamba la mahindi, mwili ukaenda upande wake na goti likabaki upande wake. Daktari alisema nikae chini. Nimekaa chini. Lakini mdomo haukuingia shimoni.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua: mbwa wa ndege hafukuzi ndege. Huyo anayefukuza ni mbwa wa kila mtu. Mbwa wa ndege hukimbia mbele yako kwenye nyasi, pua yake ikiwa juu, na akiikuta harufu ya kwale kwenye upepo, huganda. Mguu mmoja unaweza kubaki hewani. Haendi, habweki, hapumui sawasawa. Anakuambia, yupo hapa, njoo wewe. Wewe unasogea, unamwinua kwale aruke, mwenye bunduki anapiga. Kazi yote ya mwalimu ni kulinda ule mgando. Mbwa anazaliwa nao. Sisi kazi yetu kubwa ni kutouharibu, na wengi wetu tunashindwa.

Mimi sikufundishwa na mtu. Nilikuwa mlinzi kama ninyi, kwenye geti la maghorofa pale Kensington, nikipewa mbwa mkubwa mweusi ambaye kazi yake ilikuwa kuchukia watu. Asubuhi moja kanga walishuka kutoka paa la jirani, wakavuka barabara kwa mwendo wao wa mabibi harusi waliochelewa, mbele ya magari yaliyosimama kwenye robot, zile taa za barabarani. Yule mbwa wa kuchukia watu aliganda. Mguu wa mbele juu, mkia umenyooka. Nilimtazama nikahisi kama nimemfumania akisali. Tangu siku hiyo nilianza kutafuta kwenye simu, kwenye video, kwenye vitabu vya kuazima nilivyosoma na kamusi pembeni. Sikuwa na mwalimu, nilikuwa na wasiwasi. Wasiwasi ni mwalimu mkali lakini hajui kusema "inatosha."

Ndiyo maana mbwa wangu wa kwanza, niliyemlea tangu mdogo, karibu nimtie wazimu. Akifanya vizuri nilisema, haya, mara moja tu zaidi. Akifanya tena vizuri, mara moja zaidi. Mwisho alikuwa akiiona filimbi shingoni mwangu anakwenda kulala chini ya gari. Mbwa akifanya sawa, acha. Nenda nyumbani. Kaa na furaha yako hata kama inakuwasha. Hili nimelijua kwa kichwa kwa miaka mingi, na mikono yangu bado inabishana nalo.

Sasa, mtoto au aliyeanza kufundishwa? Sisemi kununua aliyefundishwa nusu ni uvivu. Mtu anayeishi kwenye chumba kimoja kando ya Jules Street, anafanya zamu, hana uwanja, atamlea mtoto wa mbwa wapi? Kwenye kabati? Kwa mtu huyo mbwa wa mwaka mmoja na nusu, aliyekwisha kujua jina lake, gari na filimbi, anaweza kuwa baraka. Lakini jueni mnachonunua. Ukilea mtoto, makosa yake yote unayajua kwa sababu ni yako, ulikuwepo yalipoingia. Ukinunua aliyeanzwa, unanunua mkono wa mtu usiyemjua. Mkono huo uko ndani ya mbwa, na hauonekani.

Nitawaeleza kwa habari ya Kwini.

Kwini aliletwa kwangu na Bwana Kibet. Huyu ni Mkenya, mtu wa bima, anaishi Kensington na familia yake kwenye nyumba yenye nyasi zilizokatwa kama ndevu za bwana harusi. Wakubwa zake kazini huenda kuwinda ndege kila majira ya baridi, mahindi yakishavunwa, na mwaka ule walimwalika. Hakutaka kwenda mikono mitupu. Akaenda kwenye shamba dogo mashariki ya jiji, kwa muuzaji mmoja wa mbwa "tayari," akaonyeshwa Kwini: jike mweupe mwenye madoa ya rangi ya maini, mwenye macho ya kuomba radhi.

"Madam, ungemwona," aliniambia akimshusha garini. "Njiwa tatu, nyasi ndefu, na huyu anaenda moja kwa moja. Straight! Anasimama kama sanamu. Wewe nipigie tu msasa kidogo."

"Ulipeleka ndege wako mwenyewe?"

"Ndege wangu nitoe wapi? Mimi ni mtu wa bima."

"Nani aliwaficha hao njiwa?"

"Kuna kijana wa kazi pale. Madam, maswali mengi hivi, ni wewe umenunua ama ni mimi?"

Kisha akanieleza, akicheka, masharti ya muuzaji. Kwini alikuwa ameshauzwa mara mbili na kurudishwa mara mbili. Bwana Kibet naye angeweza kumrudisha mpaka siku ya kufungua msimu, akapewa mwingine. "Na huyu?" niliuliza. "Aliniambia nisijali, akirudi mara ya tatu hatamsumbua mtu mwingine. Risasi moja." Alisema hivyo kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi. Nadhani hakuwa amesikia maneno yaliyokuwa yakitoka mdomoni mwake. Mimi niliyasikia, na kuanzia hapo sikuwa napiga msasa. Nilikuwa na mbwa ambaye lazima afanye kazi kabla ya siku ya kufungua msimu, au auawe.

Nilianza kama ninavyoanza siku zote. Njiwa nilinunua Fordsburg kwa mzee mmoja ambaye kila mara aliniuliza kama napika supu. Niliwashika kwa glavu. Nilimweka njiwa kwenye kijisanduku chenye mlango wa kuvutwa kwa kamba, nikakificha kwenye nyasi. Nilizunguka mbali ili nisiache nyayo kati ya mbwa na ndege, nikavaa raba nilizozifua. Ndiyo, nafua viatu vya shambani. Watu wamenicheka vya kutosha, endeleeni tu. Kisha nikamfungulia Kwini dhidi ya upepo.

Alipita karibu na njiwa kama anayepita mlango wa duka lililofungwa. Hakugeuza hata sikio. Alirudi, akanusa miguu yangu, akanitazama, akaenda kukojoa.

Siku iliyofuata, hivyo hivyo. Nyingine, hivyo hivyo. Nikadhani pua yake imekufa. Lakini nyumbani alinusa kipande cha samaki mkavu kupitia mlango wa jokofu. Pua ilikuwa nzima. Nikaanza kuamini ni mimi. Hapo ndipo ugonjwa wangu unapoanza: nilibadilisha kamba, nikabadilisha filimbi, nikabadilisha hata sabuni ya kunawia mikono.

Bwana Kibet alikuja kutazama. Akatazama. Uso wake ukabadilika polepole, kama maji ya chai yanapoingia rangi.

"Nabintu," alisema. Hakusema madam tena. "Nilikuletea mbwa kamili."

"Bwana Kibet, mbwa huyu..."

"Wacha nimalize. Nilimwona kwa macho yangu. Nimempigia simu yule mtu. Akaniuliza, umempa nani? Nikamwambia, kuna dada fulani Mkongo. Akacheka. Unajua amesema nini? Eti ni kama kumpa fundi wa cherehani gari atengeneze."

Hasira yangu inafunga mdomo kwanza, inaufungua baadaye kwa watu wasiohusika. Siku ile nilimfokea mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, kwa kunipa mkate uliobonyea.

Sasa niwajulishe Papa Déo. Yeye ni shemasi wa kanisa letu pale Malvern, mtu wa Bukavu kama mimi, na anauza kuku hai kando ya Jules Street. Alitumwa na kina mama wa kanisa. Habari ilikuwa imeenea kwamba mwanamke asiyeolewa ana njiwa weupe nyuma ya nyumba, anawashika kwa glavu, anawatoa alfajiri wakiwa wengi, anarudi nao wakiwa wachache. Kwa watu wetu, jumla ya hesabu hiyo ni moja tu: uchawi.

Alikuja moja kwa moja kutoka kwa kuku wake, Biblia kwapani, buti za mpira miguuni.

"Dada Nabintu, sikuje kukuhukumu," alianza, akisimama mlangoni. "Lakini watu banasema. Njiwa ni ndege wa Roho. Wewe unawapeleka wapi?"

"Shambani, Papa Déo. Ni masomo ya mbwa."

"Masomo ya mbwa! Watoto wa watu wanakosa masomo, mbwa anasoma?"

Nilikuwa natafuta jibu la heshima wakati Kwini alipotoka jikoni. Alichukua hatua mbili, akainamisha kichwa, akaganda. Mguu wa mbele juu. Mkia juu, umenyooka, unapendeza kama picha ya kalenda. Pua yake ilielekea miguu ya shemasi.

Papa Déo alikauka kuliko mbwa. "Hii mbwa," alinong'ona, "hii mbwa iko naona kitu."

"Usisogee, Papa."

"Inaona nini? Inaona nini juu yangu? Mimi nimefunga siku zote hizi!"

"Papa Déo, tafadhali, inua mguu mmoja polepole."

Aliinua mguu akitaja jina la Yesu. Pua ya Kwini ikaufuata mguu juu, ikaufuata chini. Akahama kushoto, Kwini akageuka naye, akaganda upya. Nilipiga magoti pale mlangoni, nikanusa buti za shemasi wa kanisa. Mpira. Na kinyesi cha kuku, na manyoya, na ile harufu ya unga ya ndege waliofungiwa.

Nilicheka hadi nikalia, na katikati ya kucheka nikaona kila kitu, nikaacha kucheka.

Kwini hakufundishwa ndege. Kule kwa muuzaji, kijana wa kazi alichukua njiwa bandani, akamzungusha hewani mpaka akalewa, akamkunja kichwa chini ya bawa, akatembea na buti zake za mpira hadi kwenye nyasi, akamlaza hapo amelala fofofo. Kisha akarudi kwa njia ileile. Mara ngapi? Kila siku ya maisha ya mbwa yule. Kwini ni mwerevu, aligundua njia fupi: nusa buti, fuata buti, buti zinapoishia simama, utasifiwa. Mbele ya mnunuzi ilionekana kama muujiza. Na mimi, kwa usafi wangu wa kufua raba na kuzunguka mbali, nilikuwa nimemfutia ubao aliojua kuusoma. Hakuwa amekataa kazi. Hakuna aliyewahi kumwambia kazi ni ndege.

Hicho ndicho kinachonikasirisha mpaka leo. Sikasirishwi na wizi, wezi tunao wengi na tunaishi nao. Nakasirishwa kwamba mbwa alizaliwa na kipaji, mtu akakichukua akakifunga kwenye buti, kisha akapanga kumpiga risasi kwa sababu ana kasoro. Kasoro ya nani?

Nilimwita Bwana Kibet. Nilimwambia aje na suruali asiyoijali. Nilimpa buti za akiba za Papa Déo, ambazo zilimbana, nikamwomba atembee kwenye uwanja mtupu, asimame penye kichaka chochote anachokitaka, arudi.

"Hakuna ndege?"

"Hakuna ndege. Unaweza kukagua mifuko yangu."

Alikwenda akichechemea, mtu wa bima kwa shati la kola na buti za mfugaji kuku. Akachagua kichaka. Akarudi. Nikamfungulia Kwini. Mbwa aliweka pua chini, akafuata nyayo za Bwana Kibet hatua kwa hatua, pamoja na pale alipokwepa dimbwi, akafika kwenye kichaka kitupu, akaganda kwa uzuri wa kuumiza moyo.

Bwana Kibet akasema, kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo nimenunua mbwa wa kunitafuta mimi."

"Umenunua mbwa wa kutafuta mfanyakazi wa muuzaji."

"Haki ya Mungu, nitamrudisha leo. Nitamrudisha na nitamwambia..."

"Utamwambia nini? Atakupa mwingine wa buti hizohizo, na huyu atauawa."

Nikamwambia anipe muda wote uliobaki mpaka kufungua msimu, na asimpigie simu yule mtu. Akasema sawa, lakini alisema kama mtu anayekubali dawa ya kienyeji. Msimu ukifunguliwa naye bila mbwa, angeaibika mbele ya wakubwa zake. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza ya msimu angekuja mwenyewe na bunduki. Kwini akifanya kazi mbele yake, atabaki. Asipofanya, angempeleka kwa muuzaji kabla ya saa sita mchana, siku hiyohiyo, achukue mwingine.

Sikilizeni hapa, maana ndipo kazi ilipo. Kuna watu wangempiga Kwini kila alipofuata buti. Wangemvalisha shingoni mkanda wa umeme wa kumshtua. Ukimwadhibu mbwa kwa kuganda, hata kama amegandia takataka, unaadhibu mgando wenyewe. Hautarudi. Mimi nilifanya kinyume: nilizifanya buti ziwe kitu kisicho na maana. Papa Déo, ambaye tangu siku ile alijiona ametumiwa na Mungu kwa namna asiyoielewa, aliniletea buti zake mbovu zote na za wauza kuku wenzake. Nilizitandaza uani. Buti kando ya bakuli la chakula, buti kitandani kwa mbwa, buti juu ya ukuta. Jirani aliuliza kama nimeanza kuuza viatu vya marehemu. Kwini aligandia kila buti, siku za kwanza. Sikumsifu, sikumkemea. Nilipita. Baada ya muda alikuwa akilalia buti kama mto.

Nusu ya pili waliifanya kwale wenyewe. Nilimpeleka upande wa Delmas, kwenye mabua ya mahindi, kwa mkulima aliyeturuhusu mradi tusifunge mageti vibaya. Kwini aliposikia harufu ya kwale wa porini kwa mara ya kwanza alimsogelea taratibu, kama alivyozoea kumsogelea njiwa mlevi. Njiwa mlevi humsubiri mbwa. Kwale hamsubiri mtu. Waliruka usoni pake kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, naye akakaa chini kwa mshangao. Alinitazama. Nikatazama mawingu. Hakuna neno la mwalimu linaloshinda hilo. Kila akisogea, wanaruka. Kila akisogea, wanaruka. Mpaka siku moja alisimama mbali kidogo, akitetemeka, hakusogea, nao hawakuruka, na nikaona kwenye mgongo wake kwamba ameelewa.

Nikataka mara moja zaidi. Mnanijua sasa. Nikajiuma ulimi, nikamrudisha garini.

Lakini kuelewa siku moja hakutoshi, na siku zilikuwa zinakwisha. Siku nyingine alifanya, nyingine alipotea tena kwenye nyayo za wafanyakazi wa shamba, ambao nao, bila shaka, huvaa buti za mpira. Nani shambani havai?

Kabla sijafika kwenye asubuhi yenyewe, nikuambie wewe unayekwenda kununua. Usimtazame mbwa, tazama miguu ya watu. Mwambie muuzaji na vijana wake wakae ndani ya gari. Peleka ndege wako, waliowekwa na mtu wako, uwanja ambao mbwa hajawahi kuukanyaga. Afadhali zaidi, omba kumwona kwenye ndege wa porini, na muuzaji akisema wa porini hawapatikani, mwambie utasubiri wapatikane. Pitisha vidole chini ya shingo, pale mkanda wa umeme unapokaa, usikie kama ngozi ina makovu. Okota kijiti, uone kama mbwa anajikunja. Na mwulize mwenyewe: mbwa huyu ana makosa gani? Muuzaji wa kweli atakuambia mpaka umchoke. Akikuambia hana hata moja, rudi nyumbani kalale.

Asubuhi ya kwanza ya msimu ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, umande mweupe umelala juu ya mabua. Bwana Kibet alikuja na koti jipya na bunduki ya kuazima. Nilimwomba akae nyuma yangu asiseme kitu.

Nilimfungulia Kwini, na jambo la kwanza alilokuta ni nyayo. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wamepita alfajiri kwenda kwa ng'ombe. Mstari wa buti ulikuwa wazi kwenye umande hata kwa macho yetu. Kwini aliweka pua chini. Akaufuata. Mkia wake ukaanza kupanda, ule mkia wa kalenda.

"Ni hayo tena," Bwana Kibet alisema nyuma yangu.

Sikupiga filimbi. Mikono yangu yote ilitaka kupiga filimbi. Niliitia mifukoni.

Kwini alifuata buti mpaka penye mtaro, na hapo upepo ukaja kutoka kulia. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Alizitazama nyayo, kweli alizitazama, halafu akaziacha. Alikwenda kulia kwa mwendo wa kunyata, akavuka mabua, akashuka. Hakuganda vizuri. Ilikuwa mbaya ile: tumbo karibu na ardhi, mkia chini umepinda, kichwa upande, mguu wa nyuma umebaki nyuma kana kwamba ameusahau. Alikuwa akitetemeka mwili mzima.

"Ni mgonjwa?" aliuliza Bwana Kibet.

"Nyamaza, bwana. Njoo."

"Mbona kule kwa yule mtu alikuwa anasimama vizuri..."

"Kule alikuwa anaigiza. Njoo!"

Tulisogea. Hatua yangu ya mwisho iliwainua: kundi zima la kwale, kutoka mahali ambapo ungeapa hapafichi hata panya, wakaruka pande zote kwa kelele. Kwini hakuondoka alipo. Bwana Kibet naye hakupiga. Bunduki ilikuwa mikononi mwake, mdomo wazi, akiwatazama wakielea mpaka ng'ambo ya uzio.

"Walikuwa hapo?" alisema. "Wote hao walikuwa hapo?"

"Walikuwa hapo."

Alipiga magoti kwenye umande na koti lake jipya, akamshika Kwini mbavuni, akausikia ule mtetemo. Alisema tu, "Wewe. Wewe."

Simu yake ikalia. Alitazama jina, akanionyesha. Muuzaji. Alipokea, akasikiliza: leo ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha, mbwa wa kubadilishana alikuwa ameshaandaliwa, anakuja saa ngapi? Bwana Kibet alinyoosha mkono akanipa simu.

Hotuba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitunga kwa Kiingereza nikiosha vyombo, nimeirekebisha, nimeongeza sehemu kuhusu cherehani, nimeongeza sehemu kuhusu risasi. Ilikuwa hotuba nzuri. Lakini Kwini alikuwa ameinua tena kichwa kwenye upepo, akaanza kunyata kuelekea uzioni walikoshukia kwale, na mimi sikuwa na muda.

"Mbwa yuko wapi?" muuzaji aliuliza.

"Yuko kazini," nikasema, nikakata.